Mwacheni Mwonjaji Aonje

Mtu mzima akitangaza kazini kwamba likizo yake ya Julai na Agosti ataimalizia Dodoma, akizunguka mashamba ya zabibu na kuonja mvinyo, hakosi wa kumcheka. Wa kwanza atasema jamaa anakula bata. Wa pili atamuuliza amekuwa Mfaransa tangu lini. Wa tatu, ambaye mwenyewe kila Ijumaa hatoki baa kabla ya chupa ya nne, atataka kujua kama kweli huko kuna mvinyo, au ni ile ile sharubati tamu ya kuamka nayo kichwa kikigonga. Kisha atajitokeza mstaarabu mmoja mwenye sauti ya upole, aseme kila mtu na starehe yake, ila nchi yenye shida kama zetu ingenufaika zaidi kama wasomi wake wangetumia likizo kwa jambo la maana.

Nimeyasikia hayo yote, na kwa kuwa nami ni mmoja wa wanaochekwa, nimeyavumilia kwa muda mrefu. Sasa yamekaa bila kujibiwa hadi yanasemwa kama ukweli usiohitaji ushahidi, na watu wazito wanayarudia kwenye mikutano ya kilimo na ya utalii. Nayapinga. Nasema mvinyo wa Dodoma umekwama ulipokwama kwa sababu wanaounywa ni wengi na wanaouonja ni wachache, na kwamba yule mtu mnayemcheka, anayepoteza kiangazi chake kutoka shamba hili kwenda ghala lile, anafanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyejitolea kuifanya.

Nianze na maringo, maana hiyo ndiyo tuhuma nyepesi. Picha inayochekesha watu ni ya mtu anayezungusha glasi, anaingiza pua ndani, anauvuta mvinyo mdomoni kwa kelele kama anayekunywa uji wa moto, kisha anautema. Kutema ndiko kunakokera hasa: kinywaji cha pesa yako unakitemaje? Basi nendeni Mombasa. Mnada wa chai uliohamia pale kutoka Nairobi mwaka 1969 huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kongo, na kabla chai hiyo haijapata mnunuzi kuna watu waliokwishapita kwenye safu ndefu za vikombe vyeupe, kijiko mkononi, wakivuta kwa kelele na kutema, kikombe baada ya kikombe. Nendeni Moshi kwenye kahawa, mtakuta wenzao wakifanya vivyo hivyo, na hukumu ya ndimi zao ndiyo inayochangia kuamua gunia la mkulima wa Kilimanjaro au la Mbinga liuzwe bei gani. Sijawahi kumsikia mtu akisema waonja chai wa Mombasa wanajishaua. Wanaheshimiwa, wanalipwa, na wenye mashamba huwasubiri kwa wasiwasi.

Zabibu ya Dodoma haina meza ya namna hiyo. Hupimwa kilo, ikibidi hupimwa na sukari, basi. Ubora wake unabaki kuwa siri ya mnunuzi, na mkulima aliyepunguza vichala ili vilivyobaki viive vizuri mara nyingi hulipwa sawa na jirani yake aliyeacha kila kitu kining'inie ili kilo ziongezeke. Ukitaka kujua kwa nini watu wazima wenye akili timamu huchuma mapema, jibu liko hapo.

Tuhuma ya uzungu sitaipa nafasi kubwa. Ni kweli mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, waliopanda pale Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mwaka 1957, wakitafuta divai ya misa. Ni kweli pia kwamba mahindi na mihogo vilivuka bahari kutoka Amerika, na hakuna anayesukuma sahani ya ugali kando kwa sababu hiyo. Zao likishalimwa na babu, baba na mjukuu kwenye kijiji kimoja, swali la uraia wake limekwisha. Na pua za kuonjea tunazo. Watu wanaojua kwa harufu tu kwamba pilau limezidishwa karafuu, na wanaoweza kukuambia ulanzi huu umegemwa asubuhi au umelala, hawahitaji cheti cha Paris ili watambue kwamba glasi hii inanukia zambarau na ile inanukia siki.

Wale ambao imani yao haiwaruhusu kinywaji hiki, sina ugomvi nao hata kidogo, wala makala haya hayawadai kitu. Ugomvi wangu ni na wanaokunywa.

Sasa tuje kwenye tuhuma yenye uzito: kwamba mvinyo wetu ni mbaya kwa asili, kwamba nchi ya joto haiwezi kutoa mvinyo wa maana, na kwamba mwenye kuupenda kweli akate tiketi ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Hii ndiyo hoja inayosemwa kwa kujiamini zaidi na watu ambao hawajawahi kusimama katikati ya mistari ya mizabibu mwezi Agosti.

Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, lakini iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ni kavu: mvua yake ya mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Julai usiku upepo unakata, joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14, na mgeni aliyekuja na fulana moja hujuta. Kwenye nchi za baridi mzabibu hulala usingizi majira ya baridi, huamka majira ya machipuko, huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa haulali. Mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa mkasi wa kupogolea, na kwa kuwa anaweza kufanya hivyo mara mbili, anavuna mara mbili: mavuno makubwa ya Februari na Machi, na mavuno ya kiangazi ya Agosti na Septemba.

Mavuno haya mawili ni vitu viwili tofauti, na hapa ndipo mcheka-waonjaji anapokosa jambo zima. Zabibu za Machi huivia mvuani. Majani hushikwa na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, vichala hupasuka, matunda hujaa maji, na mkulima anayeona mawingu hawezi kusubiri siku tatu zaidi ili utamu upande. Zabibu za Agosti huivia kwenye ukavu, maji yake yanatoka kwenye mpira wa umwagiliaji na yanaweza kufungwa mtu akitaka. Usiku wa baridi huzipa uchangamfu wa ukali ambao za Machi huukosa. Ukizionja mbichi pale pale shambani utahisi tofauti hata kama hujawahi kunywa tone la mvinyo maishani mwako.

Nililijua hili kwa mzee mmoja upande wa Mpunguzi. Alikuwa na kichombo cha kupimia sukari, kile cha kuchungulia kama darubini ndogo. Nilimwamkia, akaniitikia, akaendelea na kazi. Alikamua tone la zabibu kwenye kioo, akafunika kifuniko, akageukia jua, akafumba jicho moja. Kisha akanipa nichungulie: mstari wa buluu ulikuwa umegota kwenye ishirini na moja.

"Machi ilikuwa ngapi, mzee?"

"Machi mwanangu nilivuna kwenye kumi na saba. Mvua. Ningengoja, zingeoza zote."

"Na bei?"

Alicheka, akapangusa kile kioo kwa pindo la shati. "Bei ni ile ile. Kiwandani hawaniulizi za mwezi gani."

Halafu akanizuia nisichume kutoka mstari wa pembeni. Hizo, alisema, zinapigwa jua pande zote na zinawahi kuiva, zitakudanganya; onja za katikati. Sijawahi kupata somo la kuonja lililo fupi na kamili kuliko hilo.

Mnywaji wa Dar es Salaam anayesema "nilishaujaribu wa Dodoma, hauna kitu" ameonja mwezi gani? Hajui, na chupa haimwambii. Chupa nyingi za mvinyo wetu hazitaji mwezi wa mavuno, na baadhi hazitaji hata mwaka. Mvinyo wa Machi na wa Agosti, wa shamba lililopaliliwa na lililotelekezwa, huishia ndani ya lebo moja. Ametoa hukumu juu ya ardhi nzima kwa kutumia chupa isiyojulikana baba yake wala mama yake.

Na ameinunua wapi? Kwenye rafu ya duka, karibu na kioo, jua la saa nane likiipiga. Nimewahi kufanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia: chupa mbili za mvinyo mwekundu mkavu ule ule, moja kutoka ghala la mtengenezaji, nyingine kutoka dirisha la duka ambalo sitalitaja. Nilizimimina kwenye glasi mbili zinazofanana juu ya karatasi nyeupe. Wa ghalani ulikuwa na wekundu wa zambarau hadi ukingoni, harufu ya tunda bichi na pilipili manga kwa mbali, na ukakasi wa kiasi unaobaki kwenye fizi. Wa dirishani ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya kahawia pembeni, unanukia zabibu kavu zilizochemshwa, na nyuma yake siki. Mama mmoja tuliyekuwa naye, ambaye hanywi, alinusa tu na kusema wa pili umechacha. Sasa hapo kosa ni la ardhi ya Dodoma?

Kuna na huu ushauri wa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya. Sebule ya Temeke mwezi Desemba si chumba hicho. Wekeni kwenye jokofu nusu saa, msione haya.

Kuhusu nchi za joto kwa jumla, jibu liko Brazili. Bonde la mto São Francisco, kuzunguka mji wa Petrolina, liko nyuzi tisa kusini mwa Ikweta, kavu kuliko Dodoma, na mizabibu yake nayo hailali. Wanavuna kwa kupanga kalenda wenyewe. Leo mvinyo wa bonde hilo una utambulisho rasmi wa mahali unapotoka, na wageni huenda kuuonja hata kwa boti kwenye maji ya bwawa la Sobradinho. Ethiopia, kwa Waafrika wenzetu, mizabibu ilipandwa Ziway kwenye Bonde la Ufa, na chupa za kwanza zikaingia sokoni mwaka 2014. Kenya wanao mvinyo wao wa Leleshwa upande wa Naivasha. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesubiri ruhusa ya wanaosema haiwezekani.

Na hiyo Stellenbosch tunayoelekezwa, ilifikaje ilipo? Divai ya kwanza ya Rasi ya Tumaini Jema ilikamuliwa mwaka 1659, lakini kwa karne ya ishirini karibu nzima zabibu nyingi za Afrika Kusini ziliishia kwenye mitungi ya kukenekea pombe kali, chini ya ushirika mkubwa ulioundwa mwaka 1918 ambao ulipanga bei na viwango vya uzalishaji. Mwaka 1971 wakulima watatu, wenye mashamba ya Simonsig, Spier na Delheim, walifungua njia ya mvinyo: yaani walikubaliana mgeni apite shamba hadi shamba, aonje, aulize, anunue langoni. Walichokifanya kilikuwa ni kumruhusu mtu wa likizo, mvivu wenu yule yule, aingie ndani na kulinganisha. Mkulima ambaye mgeni wake ametoka kwa jirani saa moja iliyopita hawezi kuuza takataka kwa muda mrefu. Mnatuambia twende tukalione tunda la mti huo, huku mkiwacheka wanaotaka kuupanda kwetu.

Jambo lile lile lilitokea kwa kishindo zaidi Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwaita waamuzi Wafaransa waonje mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuziona lebo. Mweupe ulioshinda ulitoka Chateau Montelena, mwekundu Stag's Leap, zote za California, zote za mwaka 1973. Waamuzi wale walikuwa mabingwa wa nchi yao, na wakaipa nafasi ya kwanza nchi waliyozoea kuidharau, kwa sababu hawakujua wanaonja wa nani. Imani ya kwamba mvinyo mzuri una taifa lake haikuvunjwa na tangazo wala hotuba ya waziri. Ilivunjwa na watu waliokaa mchana kutwa wakionja na kutema.

Sasa kuhusu utamu, na hapa naomba niwaudhi hata baadhi ya wenzangu. Wanaosema mvinyo mwingi wa Dodoma ni mtamu kupita kiasi wanasema kweli. Kosa lao ni kudhani utamu huo unatoka shambani. Unatoka kwetu. Sukari ni blanketi: hufunika tunda lililochumwa bichi, mapipa ambayo hayakusafishwa, mchuzi wa zabibu uliokaa kwenye matangi kijijini ukisubiri mnunuzi hadi ukaanza kubadilika. Mnywaji anayetaka utamu na bei ya chini hana njia ya kuyagundua hayo, na mtengenezaji anajua kwamba hana. Austria ililipa gharama ya jambo hili mwaka 1985, ilipobainika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walitia kemikali iitwayo daiethilini glikoli kwenye mvinyo wao ili uonekane mtamu na mzito zaidi. Maabara ndizo zilizogundua. Ndimi hazikugundua, kwa maana utamu ulikwisha kuzilaza. Mauzo ya nje yalianguka vibaya, sheria kali ikatungwa mwaka huo huo, na watengenezaji wakageukia mvinyo mkavu, ambao hauna pa kuficha kitu. Leo Austria inajulikana kwa huo.

Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku zote methali hii tumemchapia mgema. Mimi nauliza habari za wale waliomsifu. Walikuwa wanaonja nini? Kama wangekuwa makini na kibuyu kilichofuata, maji yangegundulika siku ile ile, na mgema angerudi mnazini kwa adabu. Nasi tumekuwa tukiusifu mvinyo wa nyumbani kwenye hafla za uzalendo, kwa glasi moja ya kugonganisha, bila kuuonja. Halafu tukirudi nyumbani tunafungua wa nje. Sifa ya namna hiyo na dharau ya yule jamaa wa bia nne ni ndugu. Zote mbili hazihitaji kuujua mvinyo wenyewe.

Kuna wanaoniambia kwamba kutetea kuonja ni kutetea ulevi kwa maneno mazuri. Tanzania ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vyema. Kiroba kilitengenezwa ili kimwagwe kooni kwa sekunde mbili kisionjwe kabisa. Mtu anayekaa saa nzima na vidole viwili vya mvinyo, akiandika kwenye daftari na kunywa maji katikati, hana undugu na mteja wa kiroba. Nimeona walevi wengi. Sijaona aliyelewa kwa kutema.

Hoja ya yule mstaarabu mwenye sauti ya upole nimeiweka nyuma kwa kuwa ndiyo inayostahili jibu. Anasema: mkulima wa zabibu amelalamika misimu mingi kwamba hana soko, zabibu zimeoza mashambani, na wewe unakwenda kuonja? Naam, ninakwenda, na ninajua kwamba glasi yangu haitamaliza tani zake. Sitadai hivyo. Lakini tazameni dawa iliyokwisha jaribiwa. Kwa miaka mingi lita ya mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani ilitozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 hivi, wakati mvinyo wa zabibu za nje ulitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Hiyo ni kinga kubwa, na bado kwenye orodha ya vinywaji ya hoteli moja mjini Dodoma kwenyewe nilikuta kurasa mbili za mvinyo wa nje na wa Dodoma hata mmoja haumo. Mhudumu, kijana mpole, aliniambia wateja hawauulizi. Ushuru hauwezi kumfanya mtu aulize kitu. Anayeuliza ni yule aliyewahi kufika, akaonja wa mtu fulani, akaupenda, akakariri jina. Mnunuzi anayekariri jina la shamba ndiye anayempa kiwanda sababu ya kumuuliza mzee wa Mpunguzi zabibu zake ni za mwezi gani.

Na gharama? Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000, safari ya saa nne hivi. Wako wanaotumia zaidi ya hapo kwa nyama choma na vinywaji vya Jumamosi moja, na hawaitwi wenye nazo. Ukifika, mji wenyewe unakupa kiangazi kizima ukitaka: Hombolo kwenye mizabibu na bwawa, kituo cha utafiti cha Makutupora (msiwaambie tu watu wa reli "Makutupora", wao wana yao huko Manyoni, mkoa wa Singida), mabanda ya wajasiriamali kwenye viwanja vya Nzuguni wakati wa Nanenane. Julai Chamwino huwa na tamasha la muziki wa Wagogo, na atakayesikia ngoma ya muheme ikipigwa na akina mama, na nyuma yake zeze na ilimba, atasahau alikuja kwa ajili ya mvinyo. Barabara ya Kondoa inakupeleka Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa kweli ni mkoa unaodharauliwa na watu waliousoma kutoka dirisha la basi la usiku.

Ila tusidanganyane, mwonjaji akifika mara nyingi hapokewi. Nimewahi kufika kwenye lango la mtengenezaji mmoja, mlinzi akataka barua yenye muhuri, kana kwamba nimekuja kukagua hesabu. Kwingine nilipokewa kwa moyo mweupe kabisa, kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa! Mbukwa!", kiti kikapanguswa vumbi, kisha mvinyo mzuri sana ukamiminwa kwenye kikombe cha plastiki chenye harufu ya sabuni. Mwenye mali hajui thamani ya anachonionyesha, kwa sababu kabla yangu hakuna aliyekuja kukiangalia. Waliokuja walikuja na lori.

Kwa hiyo maombi yangu yanakwenda kwa watu wawili. Watengenezaji wa Dodoma, andikeni kwenye lebo mwaka na mwezi wa mavuno, Machi iitwe Machi na Agosti iitwe Agosti, mtuuzie kwa bei mbili tofauti ikibidi. Fungueni lango angalau Jumamosi, na mtoze pesa kwa glasi za kuonja, tutalipa. Na wewe msomaji ambaye utamcheka mwenzako kazini, kabla hujamcheka nenda naye mara moja. Mavuno ya kiangazi huanza Agosti. Treni ipo, na glasi ya maana unaweza kuibeba kutoka nyumbani.